Kioo cha abiria kinashuka ila hakipandi, mota nimebadilisha bado vilevile

Kitunda_Juu
Wakuu heshima zenu. Naombeni msaada maana nimechoka na mfuko umechoka kuliko mimi. Nina Toyota IST ya 2004, kioo cha mbele kushoto, yaani cha abiria, kimegoma kupanda tangu wiki iliyopita. Ilikuwa hivi, nilikuwa foleni Buguruni na jirani yangu, akashusha kioo anunue karanga, kuja kupandisha hakuna kitu. Ukibonyeza unasikia kamlio kadogo "tik" basi. Na hii mvua ya masika mnaijua haibishi hodi, nimeziba na nailoni na tepu, nikiingia kazini walinzi wananicheka.

Nikapeleka kwa fundi, akafungua kava la mlango akaweka tesita kwenye plagi ya mota, akasema moto, yaani umeme, unafika kwa hiyo mota imekufa. Nikanunua ya mtumba kwa wauza spea wa Gerezani, Dar, elfu 45, akafunga, vilevile. Akasema hii nayo mbovu rudisha, muuzaji akaiweka kwenye betri mbele ya macho yangu inazunguka kama feni. Sasa fundi amehamia kwenye swichi kuu ya dereva, anasema ndo ugonjwa uko hapo, na bei yake inauma, nikaona nije huku kwanza kabla sijatoa hela nyingine.

Kitu kingine sijui kama kinasaidia. Fundi alipokipandisha kwa kuunga waya moja kwa moja kutoka betri kikapanda vizuri, mimi kwa kiherehere changu nikajaribu swichi, kikashuka chote na kurudi juu ndo ikawa basi. Yaani kwa swichi ya mlango wenyewe wa abiria KINASHUKA safi tu ila hakipandi. Kwa swichi ya dereva hakipandi wala hakishuki. Vioo vingine vitatu viko vizuri.

Chuma_Chakavu
Umeangalia kile kitufe cha kufungia vioo kwenye mlango wa dereva? Mimi niliteseka siku 3 nikatoa na hela ya fundi kumbe mtoto alikibonyeza. Usicheke.

Kitunda_Juu
Sicheki mkuu, hicho ndo nilianza nacho. Hakijabonyezwa, na vya nyuma vinapanda na kushuka kwa swichi zao.

Gia_ya_Tatu
Swichi kuu hiyo, haina mjadala. Kontakti, vile vyuma vinavyogusana ndani yake, zinaungua. Nunua funga maisha yaendelee.

bi_Tausi
Gia ya tatu wewe kila uzi wa vioo jibu lako swichi kuu 😂

Kitunda_Juu, huyo fundi tesita yake ni ipi, ile ya bisibisi yenye kataa (taa ndogo) ndani? Maana nilishaumizwa na hiyo. Kataa kenyewe kanavuta umeme kidogo mno, hata waya iliyobaki nyuzi mbili kanawaka vizuri tu, mtu anasema moto upo. Azima multimita, ile mita ya kupimia umeme, halafu pima mota ikiwa IMECHOMEKWA, siyo plagi inaning'inia hewani. Chomeka pini nyembamba kwa nyuma ya plagi.

fundi_nyaya
Bi Tausi umeniwahi. Ngoja nieleze kwa urefu maana huyu jamaa majibu yote ameshayaandika mwenyewe kwenye ile aya ya mwisho, hakuna aliyeisoma.

Mota ya kioo ina waya mbili tu (kwa abiria, ya dereva yenye oto, ile inayokwenda yenyewe ukigusa mara moja, ina zaidi). Hakuna waya ya moto ya kudumu wala ya ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia chuma cha gari) ya kudumu. Ukitaka kipande waya moja inapewa moto na nyingine inakuwa ethi, ukitaka kishuke zinabadilishana. Tuziite ya KUPANDISHA na ya KUSHUSHA. Sasa kwenye gari nyingi za Kijapani za miaka hiyo, zile ambazo kila mlango hauna kompyuta yake, ukiwa hujabonyeza kitu waya zote mbili zimekaa kwenye ethi, na hiyo ethi haiko pale mlangoni kwa abiria kama wengi wanavyodhani. Waya inatoka kwenye mota inapita ndani ya swichi ya abiria, inavuka chini ya dashibodi, inaingia mlango wa dereva mpaka swichi kuu, huko ndo inaipata ethi. Ndo maana kioo cha kushoto kinaweza kufa kwa ugonjwa ulioko mlango wa kulia, na mafundi wanabadilisha mota mpaka wanachoka.

Haya twende na dalili zako.

Abiria akibonyeza kushusha, moto unatoka kwenye swichi yake mwenyewe unaingia waya ya kushusha, unapita mota, unarudi kwa waya ya kupandisha hadi swichi kuu. Kwako hii inafanya kazi. Kwa hiyo mota ni nzima (ile ya zamani pia ilikuwa nzima, pole), fyuzi nzima, swichi ya abiria inapata moto, na waya ya kupandisha ni nzima mwanzo mpaka mwisho.

Abiria akibonyeza kupandisha, moto unaingia kwa waya ya kupandisha na unatakiwa urudi kwa waya ya KUSHUSHA. Haurudi. Dereva akibonyeza kupandisha, njia ya kurudi ni hiyohiyo. Haurudi. Dereva akibonyeza kushusha, moto wenyewe inabidi upite kwenye hiyohiyo waya ya kushusha. Haufiki.

Umeona? Makosa yote matatu yanapita njia moja. Ugonjwa uko kwenye waya ya kushusha kati ya swichi ya abiria na swichi kuu, au kontakti moja ndani ya swichi ya abiria. Na Gia ya tatu usininunie ila swichi kuu naitoa: kama ingekuwa kontakti yake ya ethi ndo imeungua, basi dereva akibonyeza KUSHUSHA kingeshuka, maana hapo haitumii ethi ile, inaunga upande wa moto. Kwake hakishuki. Labda zife kontakti mbili kwa pamoja siku moja, inatokea lakini siyo mahali pa kuanzia.

Sasa suala la "moto unafika". Mita ina ukinzani mkubwa, nyingi ni megaomu 10, kwa hiyo inachovuta ni karibu na hakuna. Ukiwa na waya mbovu yenye omu 1 tu, mita haitaona tofauti, itakuandikia 12 yako safi. Lakini pitisha ampea 5 kwenye hiyo omu 1, volti 5 zimebaki njiani. Mota ya kioo ikipanda kawaida inakula kama ampea 5 hadi 10, ikikwama inakula zaidi. Ndo maana pima ikiwa imechomekwa na mtu amebonyeza swichi.

Fanya hivi: swichi ya ufunguo wa gari iwe ONI, mita iwe volti za DC, ncha nyeusi iweke kwenye chuma kisicho na rangi cha bodi (siyo cha mlango, bawaba siyo ethi ya kuaminika). Mtu abonyeze kupandisha. Pima waya moja ya mota, kisha ya pili. Moja iwe karibu na 12, nyingine iwe karibu na 0. Ulete namba.

Gia_ya_Tatu
Sijanuna fundi. Ila mimi swichi kuu yangu iliponya 😅

Pwani254
Somo zuri sana hilo. Naongezea kutoka Mombasa, huku kwetu chumvi ya bahari inakula nyaya mpaka basi, waya nje unaona sawa ndani imegeuka unga wa kijani. Ndugu yangu kabla hujapima chochote fanya kitu rahisi, toa swichi ya abiria uweke ile ya mlango wa nyuma, kwenye gari nyingi plagi zinafanana na inaingia bila shida. Kama tabia ni ileile basi swichi ya abiria haina kosa, utakuwa umebaki na waya peke yake. Haigharimu hata shilingi.

Kitunda_Juu
Wakuu nimerudi. Leo Jumamosi nimeshinda nayo nje ya nyumba, mke wangu ndo mbonyezaji mkuu wa swichi.

Kwanza nimehamisha swichi ya nyuma kushoto kuileta mbele kama alivyosema Pwani. Imeingia. Tabia ileile kabisa, inashusha haipandishi. Ya abiria nimeipeleka nyuma, huko inafanya kazi zote.

Namba sasa. Betri yenyewe 12.3. Plagi ya mota ikiwa imechomolewa, wife akibonyeza kupandisha, kati ya waya mbili napata 12.1, yaani hapo ndo nilielewa kwa nini fundi alisema moto upo. Nikachomeka mota, akabonyeza tena, 1.8!! Nikaweka nyeusi kwenye boliti ya bodi, waya moja inasoma 11.8, nyingine inasoma 10.0. Hiyo ya 10 nilidhani nimekosea nikarudia mara tatu.

Hiyo ina maana gani, moto uko waya zote mbili?

fundi_nyaya
Safi sana, mbonyezaji mkuu apewe soda baridi.

Hujakosea. Hiyo ya 10.0 ilitakiwa iwe 0 na kidogo. Umeme umeingia 11.8 ukapita kwenye mota, ukafika upande wa pili ukakuta mlango umefungwa, umejaa hapo. Toa 10.0 kwenye 11.8 unapata 1.8, ndo hiyo mota inayopewa ifanyie kazi, inaweza kutoa "tik" na si zaidi. Ile "tik" yako ndo hiyo. Volti 10 zote zinapotea kwenye njia ya kurudi.

Na swichi ya abiria umeshaitoa lawama. Kwa hiyo waya. Na mahali pa kwanza pa kuangalia, naweka nauli yangu ya kesho, ni ule mpira mweusi wa mikunjo kati ya mlango wa DEREVA na bodi, pale bawaba zilipo. Mlango wa dereva unafunguliwa mara nyingi kuliko yote, nyaya zinakunjwa kila siku kwa miaka ishirini, shaba inakatika ndani wakati plastiki ya juu bado nzima.

Uhakikishe hivi kabla hujakata kitu. Mama abaki kiti cha abiria amebonyeza kupandisha, wewe simama nje fungua mlango wako wa dereva pole pole, funga, fungua, ukifika nusu simama, huku mkono mwingine unautikisa ule mpira. Kikistuka hata sentimita moja umemaliza upelelezi. Asibonyeze mfululizo, sekunde mbili tatu aachie, mota isipate joto bure.

Na kama mvua inakuja kabla hujapata muda wa kushona, kuna njia ya kukipandisha leo: chukua kipande cha waya, ncha moja kwenye ile waya iliyosoma 10, ncha nyingine kwenye chuma cha bodi, bonyeza kupandisha, kitapanda. LAKINI mtu asiguse kushusha wakati umeunga hivyo, utakuwa umepeleka moto moja kwa moja kwenye ethi na fyuzi inaondoka hapohapo. Kikishafika juu toa hiyo waya, chomoa na plagi ya swichi ya abiria ili jirani wa karanga asikishushe tena.

Kitunda_Juu
🤣🤣 jirani wa karanga amesoma uzi huu.

Nimeunga waya kwenye bodi, KIMEPANDA. Kwa swichi. Wife kapiga vigelegele watoto wa jirani wakaja kuangalia. Nikatoa waya, nikafanya la mlango wa dereva, ukiwa wazi wote hakuna, ukifika kama robo hivi na kuusukuma mpira kwa ndani, kinajivuta. Yaani kioo cha kushoto kinaendeshwa na mlango wa kulia, usingeniambia nisingeamini hata kwa kiapo.

Kesho nafungua. Nishone vipi, nikate nisokote nipige tepu?

bi_Tausi
Usisokote jamani 🙈

fundi_nyaya
Hapana, kusokota na tepu hapo ndani ya mpira ni kazi ya miezi miwili. Na hata kulehemu mahali panapokunjwa sishauri, bati inapanda ndani ya nyuzi inazifanya ngumu kama sindano, inakatika pembeni tu ya ulipolehemu.

Kitu kinachodumu ni hiki. Chomoa hasi ya betri kwanza. Toa kava la mlango wa dereva, toa na lile kava la plastiki pembeni ya mguu wa kulia chini ya dashibodi. Chomoa mpira pande zote mbili uurudishe nyuma uone nyaya. Ile iliyokatika utaijua, ikivutwa kidogo inarefuka kama lastiki kwa sababu ndani hakuna shaba. Usiniulize rangi, rangi zinatofautiana na mwaka, ihakikishe kwa mita ukiweka kwenye mlio (inalia ncha zake zikiwa kwenye waya moja), ncha moja plagi ya swichi kuu na nyingine plagi ya swichi ya abiria.

Nunua waya laini ya magari yenye nyuzi nyingi, unene uleule au uzidi kidogo, isiwe ile ngumu ya nyumbani. Kipande kiwe kirefu kiasi kwamba viungio vyote viwili viwe NJE ya mpira, kimoja ndani ya mlango, kingine ndani ya bodi. Sehemu inayokunjwa iwe waya mpya nzima isiyo na kiungo. Viungio banisha kwa koleo na kishikizo chake au ulehemu, hapo panatulia hapana shida, vika na ule mpira mwembamba unaojibana ukipashwa moto. Viungio visikae sambamba kama utafanya waya zaidi ya moja, kimoja mbele kingine nyuma, bunda lisivimbe likakataa kuingia. Na ukishafungua angalia nyaya zote za humo, si hiyo moja tu, dada zake wana umri uleule.

Pwani254
Na mpira wenyewe ukiupitisha paka sabuni ya maji kidogo, usipake grisi. Hakikisha umekaa kwenye tundu lake sawasawa, maji yakiingia hapo utarudi hapahapa kutusumbua.

Kitunda_Juu
Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa kazi zilinibana.

Nimekuta maajabu. Ndani ya mpira kuna kale kamkanda ka plastiki ka kufungia nyaya, kamebanwa kwa nguvu katikati kabisa ya mkunjo. Nikakumbuka miaka minne nyuma niliweka alamu, aliyefunga alipitisha waya zake humo akazikaza na za gari kwa pamoja. Kwa hiyo badala ya bunda kujikunja taratibu lilikuwa linavunjika mahali pamoja kila nikifungua mlango. Waya yetu ilikuwa imebaki nyuzi tatu, na hizo tatu kijani. Mbili nyingine plastiki imepasuka shaba inachungulia, moja sijui ya nini nadhani ya loki.

Nimebadilisha zote tatu, vipande vya sentimita 40 hivi, viungio nje ya mpira kama ulivyoelekeza. Kamkanda nimekatupilia mbali. Waya, vishikizo na ule mpira wa kujibana jumla haikufika elfu 12. Nimepima tena, upande uliokuwa 10.0 sasa unasoma 0.2 kioo kikiwa kinapanda. Kinapanda na kushuka kwa swichi zote mbili, na kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona tangu ninunue gari, inaelekea ilikuwa inakufa taratibu muda mrefu na mimi nazoea.

Swali moja dogo. Tangu nirudishe betri, kioo cha dereva kile cha oto hakiendi chenyewe tena, lazima nishikilie mpaka juu. Nimegusa kitu?

fundi_nyaya
0.2 hiyo ni kazi safi, kuna wanaolipwa na hawafikii hapo.

Hapana hujaharibu. Kioo cha oto kinahesabu kilipo, ukikata betri kinasahau. Swichi ya ufunguo ONI, kipandishe mpaka juu kabisa, kikifika usiachie, endelea kuvuta swichi sekunde kadhaa. Halafu jaribu oto. Kama bado, kishushe chote urudie.

Kitunda_Juu
Imekubali mara ya pili. Asante sana fundi, bi Tausi, Pwani, na hata Gia ya tatu.

Gia_ya_Tatu
Karibu mkuu. Hiyo mota ya ziada unaiuza? Nina IST kioo cha nyuma hakisikii kabisa.

bi_Tausi
Kwanza umepima?

Gia_ya_Tatu
...naenda kuazima mita.